Tusisifu Mgongo Peke Yake

Katika parokia zetu, mama mzee anapofariki, maneno yanayosemwa mbele ya jeneza lake karibu ni yale yale. Msemaji wa jamaa anasimama, anawashukuru waliokuja kulia pamoja nao, kisha anasema: "Mama huyu alikuwa mchapakazi. Alivumilia mengi." Watu wanatikisa vichwa, akina mama wanaanzisha wimbo, na neno hilo linazikwa pamoja naye. Hakuna anayeuliza alifanya kazi gani hasa, na kwa maarifa gani. Wala hakuna anayeuliza ni nani aliyemtwika yale mengi aliyoyavumilia.

Sisi tulizaliwa na mama wa namna hiyo. Tulikuwa watoto saba, tukakulia katika vilima vya Bushi, kandokando ya njia itokayo Bukavu kwenda Walungu. Mama yetu amekwisha kupumzika miaka mingi sasa. Leo tunapenda kuyajibu maswali hayo mbele yenu. Hatufanyi hivyo ili mseme kwamba mama yetu alishinda mama zenu. Tunadhani mama zenu, na nyanya zenu zaidi, walifanana naye kuliko mnavyojua.

Tuanze na kazi yenyewe. Mama alizaliwa kabla ya uhuru wa 1960, katika nyakati ambapo mtoto wa kiume alipelekwa kwa wamisionari kujifunza kusoma, na binti alikabidhiwa jembe. Hakuingia darasani hata siku moja. Alipoolewa alipata shamba kwenye mteremko mkali, na kila mmoja wenu aliyekulia Bushi anajua maana yake. Kule juu mvua inachukua udongo, kule chini udongo wa jirani unafunika mimea yako. Mama alikata majani na kuyalaza kwa mistari ya kukingama mteremko, ili maji yapunguze mbio. Kila msimu aliirudia mistari ile, mtoto akiwa mgongoni.

Aliamka jogoo wa kwanza alipowika. Chemchemi ilikuwa bondeni. Kushuka ni rahisi, kupanda na maji ndiyo kazi. Kisha shamba, kisha kuni, kisha jiko. Siku ya soko alibeba mzigo wake katika kitunga kikubwa kilichoshikwa na kamba pana iliyopita kwenye paji la uso, kama walivyobeba mama wote wa kwetu. Kamba ile ilimwachia alama. Hata uzeeni, alipokuwa habebi tena kitu, ungepitisha kidole juu ya nyusi zake ungeukuta mfereji mdogo katika ngozi. Sisi watoto tuliudhani ni umbo lake la kuzaliwa.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo kila mtu huiona na kuisifu: mgongo, shingo, paji la uso, mikono. Lakini tukiishia hapo tunamheshimu mama kama anavyoheshimiwa punda mwema. Mama yetu aliishi kwa kichwa kabla ya kuishi kwa mgongo.

Fikirini jambo moja la jikoni. Mihogo michungu ina sumu. Mtu akiila bila kuiandaa vizuri anaweza kuugua sana, na watu wengine wamepooza miguu kwa sababu hiyo. Ili iwe chakula, inamenywa, inalowekwa majini siku tatu au nne hadi ilainike, inatolewa, inaanikwa, inatwangwa, inachekechwa. Mama alijua kwa kidole ni siku gani muhogo umekuwa tayari, kwa kuwa katika majira ya baridi maji yanahitaji siku moja zaidi. Wakati wa njaa jirani wengine walifupisha siku zile, maana watoto wanalia na tumbo halina subira. Yeye hakukubali. Alitupikia viazi vitamu vidogo, au sombe peke yake, akasema muhogo bado. Kiwanda cha dawa kinamlipa mtu mshahara kwa kazi ya kuondoa sumu na kuhakikisha imekwisha. Kwa mama tuliiita "kupika tu".

Fikirini tena biashara yake. Katika vilima vyetu maharagi yanapandwa mara mbili kwa mwaka: mara ya kwanza Septemba mvua zinapoanza, mara ya pili kati ya Februari na Machi. Mavuno ya pili yanaingia Juni. Mwezi huo soko linajaa maharagi, na bei inaanguka. Wengi waliuza Juni kwa sababu fedha zilihitajika. Mama aliyachambua maharagi yake, akayachanganya na majivu makavu ili wadudu wasiyatoboe, akayafunga katika vyungu na kuvipaka udongo mdomoni. Septemba ilipofika kila nyumba ilitafuta mbegu, na bei ilikuwa imepanda. Septemba ndio mwezi masomo yanapofunguliwa na mwalimu anapodai minervali. Mama aliufungua mlango mmoja kwa ufunguo wa mwingine. Hakuna aliyemfundisha somo la uchumi. Alitazama soko miaka kumi na akaelewa.

Kila mavuno aliyagawa mafungu manne. La kwanza lilikuwa mbegu, na hilo halikuguswa hata nyumba ikilala njaa. La pili lilikuwa chungu cha nyumbani. La tatu lilikuwa masomo yetu. La nne, dogo kuliko yote, lilikuwa la mgonjwa na mgeni. Alihesabu kwa punje za mahindi alizozipanga ukutani katika ufa wa udongo: punje moja kwa kila kikombe kilichotoka. Yaya wetu wa kwanza, alipofika darasa la nne, aliandika hesabu hizo katika daftari ili aone kama mama anakosea. Alihesabu kwa majuma sita. Daftari na ufa wa ukuta vilipatana.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo vijana wa leo hawalijui, na ambalo linaonyesha mama zetu walikuwa wakipambana na nini.

Katika siku za Noeli ya mwaka 1979, nchi yetu ikiitwa Zaire, ilitangazwa kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina thamani tena. Aliyekuwa nazo alipewa muda mfupi wa kuzibadilisha, na kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Aliyekaa mjini na kujua mtu katika banki aliweza kujiokoa. Wa kijijini alisikia habari kwa kuchelewa, akatembea hadi mjini, akakuta watu wamejaa barabarani.

Mama alikuwa na noti hizo katika kopo lililofukiwa chini ya jiwe la kusagia. Zilikuwa fedha za masomo ya watoto watatu na mbuzi mmoja aliyemwuza. Alitembea usiku kwenda Bukavu. Alisimama katika mstari siku mbili, akilala nje na akina mama wengine. Siku ya tatu alirudi nyumbani na noti zake zile zile mkononi.

Tulimngoja alie, hakulia mbele yetu. Baba alikuwa kibaruani mbali, kwa hiyo hakuwa na wa kumwambia. Alikaa kitako karibu na moto, akazitandaza noti zile mkekani, akazitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwita yaya wetu na kusema: "Mwanangu, hizi chukueni mjifunzie hesabu. Zimenigharimu sana, zisipotee bure." Tulijifunza kujumlisha na kutoa kwa noti halisi zilizokufa. Tukicheza duka, mmoja muuzaji na mwingine mnunuzi, mama alitusikiliza huku akichambua sombe, na aliyekosea aliambiwa arudie.

Tangu siku ile hakuweka akiba yake katika karatasi. Alikuwa na msemo wake: "Noti ikifa imekufa. Haragi likifa ardhini linaota." Akiba yake ikawa maharagi, mbuzi, na vikwembe vipya vilivyokunjwa sandukuni, ambavyo viliweza kuuzwa siku yoyote. Pamoja na akina mama wengine kumi na mmoja wa shirika letu aliingia likelemba. Kila mwezi mmoja wao alipokea mchango wa wote, naye hakuuacha ulale, bali aliugeuza kitu siku ile ile.

Wako waliomcheka kwamba haiamini fedha ya taifa. Miaka iliyofuata ilimjibia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bei zilipanda hata noti ya zaire milioni 5 ikatolewa. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja ikishika mahali pa milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Congo, moja kwa zaire mpya 100,000. Kila mara walioweka karatasi ndani walipoteza. Mama yetu, asiyejua kusoma tarakimu zilizochapwa kwenye noti hizo, alikuwa amekwisha kuzisoma.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 mishahara ya walimu ilikatika. Shule zingefungwa kabisa kama wazazi wasingekubali kumlipa mwalimu wenyewe, kwa mchango tuliozoea kuuita primu. Wakati huo mmoja wetu alikuwa amemaliza masomo ya ualimu na kuanza kufundisha. Kila mwisho wa mwezi alipokea noti zilizonuka samaki, moshi na unga wa muhogo, kwa kuwa zilitoka moja kwa moja katika vitambaa vya kiunoni vya akina mama wa sokoni. Vitabu vya historia vya kesho vitasema shule za Congo zilisimama katika miaka ile mibaya kwa juhudi za serikali, za Kanisa, za wafadhili. Visisahau kuandika kwamba zilibebwa katika vitunga, kwa kamba ya paji la uso.

Vita ya 1996 ilipofika Bukavu, nasi tukakimbia kuelekea ndani ya vilima, kila mtu alichukua alichoona ni cha thamani. Mama alifunga mbegu za maharagi katika pembe mbili za kikwembe chake. Tuliporudi, majuma kadhaa baadaye, vyungu vya kijiji kizima vilikuwa vimevunjwa na vitupu. Aliwagawia majirani kikombe kikombe, nao wakapanda, ingawa msimu ulikuwa umechelewa. Fungu la kwanza, lile lisiloguswa, lilikuwa limeokoa nyumba zisizokuwa zake.

Tumebakiza swali gumu: ni nani aliyemtwika?

Desturi zetu zinajibu haraka kwamba ndivyo mwanamke alivyoumbwa. Sisi hatukubali jibu hilo. Sehemu ya mzigo ule ilitokana na kukosa barabara, ambapo gari halikufika na shingo ya mama ikawa gari. Sehemu nyingine ilitokana na shule isiyolipwa na nchi. Nyingine iliandikwa katika sheria yenyewe: Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kwa matendo ya kisheria yanayomfunga. Mama aliyeendesha mafungu manne ya mavuno, akasomesha watoto saba na kuilinda akiba yake katika mabadiliko yote ya fedha, alihesabiwa kama asiyeweza kujifunga kwa sahihi yake bila idhini. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2016 na ruhusa ile ikaondolewa. Mama yetu hakuishi kuiona siku hiyo.

Na sehemu iliyobaki iliwekwa na sisi wa nyumbani, wanaume na wavulana wa kila kizazi, kwa kuona maji yamefika jikoni bila kuuliza yamefikaje. Hapo mama yetu alituwahi. Alipanga zamu ya chemchemi kwa watoto wote saba, wavulana kama wasichana. Jirani mmoja mwenye umri mkubwa alimsimamisha njiani akamwambia: "Mama, unawageuza wavulana wako kuwa wasichana." Alimsalimu kwanza kwa heshima, magoti yakiinama kidogo kama ilivyo desturi, kisha akamjibu: "Baba, bugali wa jioni wanakula wote. Maji hayaulizi ni nani aliyeyachota." Mzee alicheka, akaenda zake. Baada ya miaka michache tulimwona mjukuu wake wa kiume bondeni na mtungi.

Neno lile moja limetufundisha mengi kuliko hotuba nyingi za tarehe 8 Machi. Nanyi mnaijua siku hiyo: vikwembe vya namna moja, maandamano, nyimbo, soda. Hatuikatai, kwani mama anastahili sherehe. Lakini tarehe 9 asubuhi mama yule yule anapanda miteremko ya Kadutu na gunia mgongoni, na kijana aliyemwimbia jana anapishana naye akiwa na simu mkononi. Sifa isiyopunguza mzigo ni mzigo mwingine, kwa sababu inamwambia mama: endelea hivyo hivyo, tunakupenda ukiwa umeinama.

Mkifungua sura ya mwisho ya kitabu cha Mithali, ile isomwayo mara nyingi kwa kumsifu mke hodari, mtaona jambo la kushangaza. Haisifu mateso yake. Inamwonyesha akichunguza shamba kabla ya kulinunua, akitambua kwamba biashara yake ina faida, akitoa mafundisho. Na mwisho wake ni dai la haki: aliyefanya kazi apewe faida ya kazi yake. Mama yetu hakuweza kuisoma sura hiyo, ila aliisikia ikisomwa, akatuambia jioni: "Huyo mwanamke alikuwa na watumishi. Mimi nina nyinyi." Tulicheka. Sasa tunaelewa kwamba alikuwa akitupa wajibu.

Vijana wapendwa, mama wa kizazi kile wanakwisha. Kila mwezi tunamsindikiza mmoja. Pamoja naye yanaondoka majivu ya kulinda mbegu, siku za kuloweka muhogo, hesabu za ukutani, na sababu za mambo ambayo sisi tunayaona tu kama taabu. Tangu 2019 masomo ya msingi katika shule za umma yametangazwa kuwa bila malipo, na hilo ni tunda ambalo mama zetu walilipalilia kwa miaka mingi bila kulionja. Lakini daftari, viatu, na masomo ya sekondari vinaendelea kutoka katika kitambaa cha kiunoni.

Kwa hiyo tunawaomba mambo mawili kabla ya mkutano wenu ujao wa kikundi. La kwanza: kaeni na mama au nyanya jioni moja, mumwombe awaeleze jambo moja analolijua vizuri, tangu mwanzo hadi mwisho, na mliandike. Msimwulize aliteseka vipi. Mwulizeni alijuaje. La pili: chukueni karatasi, mwandike kazi zote za nyumba yenu kwa siku moja, tangu jogoo wa kwanza hadi taa inapozimwa, na mbele ya kila kazi mwandike jina la anayeifanya. Isomeni karatasi hiyo pamoja na wote wa nyumbani, baba akiwapo. Jina moja likijirudia kutoka juu hadi chini, msimwimbie wimbo. Gawaneni kazi mbili au tatu usiku ule ule, na kesho yake mwanze.

Maswali ya kushirikishana katika kikundi:

1. Ni maarifa gani ya mama au nyanya yako ambayo hakuna mtu mwingine nyumbani anayeyajua?

2. Katika mizigo anayobeba mama wa mtaa wetu, ni ipi inayotoka katika ufukara wa nchi, na ni ipi inayotoka katika mazoea ya nyumba zetu?

3. Kikundi chetu kinaweza kuondoa mzigo gani mmoja, katika nyumba gani, juma hili?